Kabichi Zilizomngoja Mama Sesilia

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, kabichi za milimani ziliposhinda ghalani Mwembesongo zikimngoja Mama Sesilia atoke misa. Kabichi haijui siku takatifu; inaoza tu.

Nilikuwa kijana bado. Programu ya ghala la ushirika niliiandika mwenyewe, ya skrini nyeusi, kompyuta moja mlangoni. Anakaa mmoja, wengine wanangoja kwenye benchi, wasije wawili wakaharibiana hesabu. Ushirika ulipotaka wakulima waandikishe mizigo kwa simu, nilinuna. Usiache mbachao kwa msala upitao, nikawaambia. Mwenyekiti akanijibu kwamba msala umeshatandikwa, nijifunze au nimpishe mwingine.

Nikajifunza kwa hasira, nikajenga tovuti. Lakini jogoo wa shamba hawiki mjini: nilihamia na benchi langu. Mtu akifungua ukurasa wa mizigo, wengine wote wanafungiwa mpaka amalize. Nilijiona mstaarabu kweli.

Siku ya kwanza tu, Mama Sesilia, mkulima wa Bigwa, alifungua ukurasa, akasikia kengele, akatia simu kwenye mkoba na kwenda kanisani. Lori la Dar likawa linanguruma bila mzigo, na wakulima wananitazama kama mimi ndiye kiwavi.

Akaitwa Mzee Mkude, aliyenifundisha kazi na kunitangulia kuhamia mtandaoni. Nikamwamkia.

"Marahaba. Nani kakwambia mtu akifungua ukurasa amekaa?"

"Si atamaliza, mzee?"

"Huku watu hawakai. Anafungua, anakwenda kuchota maji, pengine harudi. Funga pale anapotuma tu, tena mzigo wake peke yake."

Kwa aibu nilitaka kufuta kila kitu. Akanishika mkono. "Ule mpangilio wako wa mizigo, kinachooza upesi kitoke kwanza, vijana wa tovuti hawaujui. Huo uache."

Nikarekebisha papo hapo, kabichi zikapakiwa, lori likaondoka. Mama Sesilia alipotoka misa na kukuta nimempigia simu mara nyingi vile, alidhani naposa bintiye.

Sasa nasikia umepewa wenzangu wenye mvi uwafundishe kazi za mtandaoni, na unawacheka. Acha, mwanangu. Biashara wanaijua kukushinda; kinachowasumbua ni mazoea, na mazoea yana taabu. Waulize kwanza programu zao zilimlinda nani, ndipo uwaonyeshe namna mpya ya kumlinda mtu yule yule.

Mungu akupe subira nao. Na kazi yako itakapozeeka, maana itazeeka, akujalie mwalimu asiyecheka sana.