Jina la Baba Kwenye Maji

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, pale Kagunga, kulikuwa na sheria moja ambayo hata sisi watundu hatukuthubutu kuivunja: mtu akiwa ziwani haitwi kwa jina. Ukimtaka, unapiga makofi au mluzi, au unashuka mwenyewe ukamguse bega. Walisema mamba husikiliza. Akishalishika jina, anajua wa kumchukua. Wavuvi wengine waliicheka sheria hiyo wakiwa nchi kavu, lakini sikuwahi kumwona hata mmoja akiijaribu miguu yake ikiwa ndani ya maji.

Na mamba mwenyewe hakuwa wa hadithi tu. Alikuwa mmoja, mkubwa kupita kiasi, aliyeshuka kutoka mlango wa mto Rusizi upande wa Burundi, na watu walimtambua kwa makovu ya risasi mgongoni. Waliokimbia vita ng'ambo walituambia kwamba maiti zilitupwa mtoni, naye akajifunza ladha ya watu. Wao walimwita ingona, kama mamba mwingine yeyote, ila walipomtaja huyu walishusha sauti. Ilisemekana aliwahi kutegewa tundu la chuma lenye mbuzi ndani, na asubuhi mbuzi hayupo, mamba hayupo.

Mama yangu, Rozalia, alichukuliwa asubuhi, jua limeshatoka, wanawake wenzake wamejaa ufukweni wakianika dagaa. Alikuwa majini akisuuza makarai. Baba alikuwa amerudi kutoka kuvua, kafika nyumbani akakuta mlango umefungwa kufuli, na ufunguo Mama aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Alikuwa amechoka, ana baridi, ana njaa. Akasimama juu ya mchanga akapaza sauti, "Rozalia! Ufunguo!" Mama akageuka kumtazama. Wanawake wanasema alikuwa anacheka. Kisha maji yakafumuka.

Hatukupata cha kuzika. Baba alivunja kufuli kwa jiwe ili watu wa msiba waingie, na lile kufuli bovu likaendelea kuning'inia mlangoni miaka yote niliyoishi pale.

Bibi, mama yake Mama, akahamia kwetu kunilea. Kwa desturi yetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawazungumzi ana kwa ana, na kutajana majina ndiyo aibu kubwa kabisa. Kwa hiyo mimi nikawa mdomo wao. "Mwambie baba yako ugali uko tayari," Bibi anasema, na Baba amekaa palepale uani, kasikia kila neno. Nageuka: "Baba, ugali uko tayari." Naye: "Mwambie bibi yako nashukuru." Niliona ni mchezo mzuri sana. Nilichelewa kujua kwamba Bibi alimchukia Baba kwa moyo wake wote, na desturi ilimsaidia kuificha chuki hiyo.

Kila jioni, mitumbwi ikiingizwa majini, Bibi alishuka upande wa mawe, mbali na wavuvi. Nilidhani anakwenda kusali. Siku moja nikamfuata na ndoo yangu. Nikamkuta amesimama maji yakimfika vifundoni, kanga kichwani, akiita taratibu, kama mtu anayemwita jirani wa nyumba ya pili.

"Zakaria. Zakaria, wee. Zakaria."

Ndoo ikaniponyoka. Zakaria ni baba yangu.

Bibi hakushtuka. "Yeye alimwita mwanangu," akasema, "akampa mnyama jina lake. Na mimi nampa la kwake. Rudi nyumbani."

Sijui nieleze vipi hofu niliyokuwa nayo. Mama ameshaliwa. Sasa Bibi, anayenisuka nywele, anayenifunika shuka, alikuwa anamwita mnyama aje amle Baba, na Baba kila siku anaingia kwenye maji hayohayo kututafutia riziki. Baya zaidi ni kwamba moyo wangu mmoja ulikuwa upande wa Bibi. Kila nilipoingia ndani nililiona lile kufuli.

Kesho yake nikamkuta Baba anashona wavu. "Baba, usiende ziwani leo. Bibi anakuita kwenye maji. Kwa jina."

Sindano ikasimama. Nilingoja afoke, nilingoja amfungashie Bibi vitu vyake. Akamaliza tundu alilokuwa analishona, akakata uzi kwa meno, akasema tu, "Nimesikia, mama." Ndivyo alivyozoea kuniita.

Jioni hiyo hakwenda kwenye mtumbwi. Alishuka upande wa mawe, nami nyuma yake. Bibi alikuwa ameshaanza. Baba akampita karibu kabisa, jambo ambalo mkwe hafanyi, akaingia majini mpaka mapajani, akageuka, akamtazama usoni.

Bibi alisita. Nadhani aibu ilimshika kidogo, maana mikono yake iliivuta kanga kutaka kufunika uso. Kisha akaiachia.

"Zakaria," akaita.

"Naam, mama."

"Zakaria!" Sauti ikampasuka.

"Naam. Nipo hapa. Mwite aje."

Ndipo wavuvi wakaanza kupiga kelele kutoka kwenye mitumbwi. "Ingona! Ingona!" Nyuma ya Baba, mbali kidogo, kitu cheusi kirefu kilikuwa kinakuja bila haraka yoyote. Ungesema ni gogo, ila gogo haliendi kinyume cha mawimbi. Baba hakugeuka. Nikamtazama Bibi na nikaona jina limekaa mdomoni mwake, limebaki kutoka tu. Nikapiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikawaka moto, maana ndivyo tulivyofundishwa kumtoa mtu majini.

Bibi alimtazama yule mnyama, akamtazama Baba, akafunga mdomo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie baba yako ugali unapoa."

"Baba!" nikalia. "Baba, ugali unapoa!"

Akatoka. Tulikula ugali ule, na kweli ulikuwa umepoa.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza Bibi kama siku ile alimsamehe Baba. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimsamehe kwa lipi? Niliona tu kwamba yule mnyama hawezi kula mara mbili kutoka nyumba moja. Nani kamwambia mimi ni mpishi wake?" Hakusema naye tena neno la moja kwa moja hadi alipokufa. Hata alipougua, Baba akimletea uji, aliniagiza nimwambie auweke mlangoni. Baba aliuweka mlangoni. Aliendelea kuvua, akazeeka, akafia kitandani kwa maradhi ya kifua. Mamba naye, wapo wanaosema aliuawa zamani, na wapo wanaoapa kwamba wamemwona juzi tu.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba yale yalikuwa mambo ya wazee. Mamba hana haja ya jina, humchukua aliye karibu, basi. Hivyo ndivyo ninavyowaambia wateja wangu mjini, sokoni Mwanga, wanapoulizia habari za kwetu, na huwa nawaambia nikicheka.

Mwaka jana tulikwenda Kagunga, mimi, mume wangu na binti yetu, ambaye nilimpa jina la Mama. Mume wangu amekulia Singida. Ziwa kwake ni kitu cha kupigia picha. Asubuhi binti alishuka kuogelea. Simu yake ikaita ndani ya mkoba, na kabla sijanyanyua mkono mume wangu alishasimama juu ya mchanga, anapaza sauti.

"Rozalia! Simu yako!"

Binti akageuka kumtazama. Alikuwa anacheka.

Hakuna kilichotokea. Maji yalitulia vilevile. Akatoka akijikamua nywele, akapokea simu, akaenda kuongea pembeni. Mume wangu alipogeuka akanikuta nimesimama, viganja vimekutana tayari kwa makofi. "Vipi tena, mama Rozi?" akauliza. Sikumjibu, kwa sababu jina lake lilikuwa limeshanipanda mpaka ulimini, na maji yalikuwa karibu, na nilijua vizuri kabisa namna ya kuliita, taratibu, kama mtu anayemwita jirani. Hapo nikamwelewa Bibi, wala sikumlaumu hata chembe. Mamba alikula kwa sababu alikuwa na njaa. Huwezi kumuuliza kitu. Bibi alitaka mtu wa kuitika.

Mchana nikapakua chakula. Mume wangu alikuwa amekaa mbele yangu kabisa, kwenye mkeka uleule, ananawa mikono. Nikamgeukia binti.

"Mwambie baba yako ugali unapoa."