Alhamisi za Léontine

Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe. Mimi na Léontine Gautreau ni Waakadia, Wakanada wa asili ya Kifaransa, tumefundisha madarasa jirani miaka mingi hapa karibu na Moncton. Wanafunzi wetu wanatoka nyumba za Kiingereza na masomo yote tunawasomesha kwa Kifaransa. Vitabu wanavyo tele. Watu wa kupiga nao soga ndio hawana. Kwa hiyo kila Alhamisi Léontine aliwavusha barabara, akawapeleka nyumba ya wazee wa Kiakadia. Huko walikaa jikoni na wazee, wakikuna viazi vya kupikia madonge, wakitaniwa, wakikosea, wakicheka.

Kisha ukaja mtihani wa Kifaransa kutoka Ufaransa. Mkuu wetu, Bwana Colpitts, akazifuta Alhamisi ili watoto wafanye mazoezi ya mtihani. Eti viazi havina alama!

"Cheti hiki kinatambulika dunia nzima, mwalimu," alimwambia Léontine.

"Kwani mzee Alyre wa kule jikoni haishi dunia hii?"

Mkuu akacheka. Nusura nimzabe kofi.

Basi mwaka mzima ikawa kukariri tu: taja suala, toa faida, toa hasara, hitimisha. Léontine alifundisha hayo huku roho inamuuma, maana angegoma wangefeli watoto wa watu. Wakafaulu. Kayleigh Steeves akaongoza, picha yake ikabandikwa mlangoni kwa mkuu.

Matokeo yalipotoka, Léontine akampeleka Kayleigh kumsalimia mzee Alyre Bourque, mwenzake wa viazi wa siku zile. Nami nikafuatana nao. Mzee alifurahi, akamshika binti mkono, akamchokoza kwa Kifaransa chetu cha nyumbani.

"Wewe mtoro, mbona umenisusa? Au umeshapata bwana?"

Zamani Kayleigh angemjibu vilevile na jiko zima likacheka. Sasa akanyoosha mgongo. Akasema suala la vijana kuwatembelea wazee lina pande mbili. Akaanza na faida, akaja kwenye hasara, akahitimisha. Kifaransa safi, hakukosea popote. Na maskini, alikuwa anataka kumfurahisha mzee.

Alyre alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akamwachia mkono, akamjibu polepole kwa Kiingereza, ambacho hakuwahi kusema naye hata siku moja.

"Asante kwa kuja, binti. Wewe ni mgeni wa wapi?"