Kibonge wa Dukani

"Sijasema asile, mama. Nimesema asile kila anapoingia mteja."

Mama alikuwa anapima sukari, hata hakuniangalia. "Mteja anahusika nini na tumbo la mtoto?"

"Anahusika. Kila anayeingia anamshika mashavu, anasema huyu kanawiri, na wewe ukishasikia hivyo mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la biskuti."

Akacheka puani. "Kumbe hiyo Biolojia ndiyo inafundisha kuchunga mikono ya mama yako."

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimerudi nyumbani Newala kutoka shule ya bweni kule Masasi, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kusubiri kulinishinda. Nilikuwa nafagia uwanja asubuhi, mchana nafagia tena wakati halijaanguka hata jani moja. Naanza kusoma kitabu, nakiacha. Nilichokuwa nakiona muda wote ni mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka saba, ambaye Januari alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Kila likizo nilimkuta ameongezeka. Safari hii nilimkuta akitoka barazani kwenda chooni anarudi anahema, mabega yanapanda na kushuka. Kiti chake kilikuwa gunia la sukari nyuma ya kaunta. Anakaa pale kutwa nzima, miguu inaning'inia, anatafuna. Mama anamwita kibonge wangu.

Duka lenyewe lilianza pale wanunuzi binafsi wa korosho walipoingia huku kwetu. Baba aliwauzia, akalipwa siku hiyohiyo, akatoboa mlango kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Kabla ya hapo sukari ilikuwa ya foleni. Mama alikuwa akinibeba mgongoni, anapanga foleni kwenye duka la ushirika toka alfajiri, na akifika dirishani anaambiwa imekwisha. Sasa gunia zima liko ndani ya nyumba yake na mtoto wake amelikalia. Nikimwambia apunguze sukari kwenye chai ya mtoto, ananijibu, "Wewe unataka kunirudisha foleni."

Basi asubuhi ile tuliishia hapo, kwa sababu aliingia mteja. Akamwona mdogo wangu, akasema, "Jamani, huyu si kanawiri!" Mama akafungua kopo. Mimi nikatoka nje.

Mchana watoto wa jirani walipita na vidumu vyao, wanashuka bondeni kuchota maji. Huku juu hatuna maji, kila mtu anajua, unashuka kwenda kuyafuata au unanunua kwa watu wa baiskeli. Sisi toka tuwe na duka tunanunua. Mdogo wangu aliteremka kwenye gunia, akachukua kidumu cha mafuta ya kula kilichokwisha, akawafuata bila kuaga. Tulidhani yuko uani.

Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda.

Alirudishwa na muuza maji, amekalishwa juu ya keria katikati ya madumu mawili, magoti yamechubuka. Yule kijana akaegesha baiskeli mbele ya duka, akapaza sauti, "Shikamoo mama! Nimekuletea mzigo wako, huu umezidi dumu!" Wateja wakacheka. Nyuma yake watoto walikuwa wanaruka na maji yao kichwani, hawamwagi hata tone, wanaimba, "Bonge, bonge, baiskeli imepinda!"

Mama hakucheka. Alimshusha, akamfuta vumbi, akafungua soda. Mtoto akanywa huku analia, kwikwi inamkatisha.

"Niliwaambia ningojeni," akasema. "Nimewaambia mara nyingi. Wakaniacha."

"Hutakwenda tena," mama akamwambia. "Na shule ikifunguliwa utapelekwa kwa baiskeli, unakwenda na kurudi. Nitamlipa mtu."

Hapo nilishindwa kunyamaza. "Shule ile pale, mama! Paa lake tunaliona tukiwa hapa barazani."

"Kwa hiyo atembee azimie njiani?"

"Anachoka kwa sababu hatembei. Ukimpandisha baiskeli mwaka huu, mwakani hata kufika chooni utamlipia mtu."

Baba alikuwa anakula, ugali wa muhogo na kisamvu. Akanawa mkono taratibu. "Mtoto wa mwenye duka akikonda," akasema, "watu watasema duka limekufa."

"Basi mtundikeni mlangoni awe bango."

Lilinitoka. Baba akaniangalia. "Hebu rudia."

Sikurudia. Nilipiga goti, nikasema samahani baba, na ndani bado nachemka. Baba akachukua kofia yake, akaondoka kwenda kwenye mikorosho.

Mama alikaa juu ya lile gunia. Nilitegemea anifokee, akaanza kuongea kama anaongea na sukari.

"Wewe nilikupeleka kliniki nimekuviringisha kanga mbili ili uonekane una mwili. Mwaka ule tulikuwa tunakula ming'oko tu, naingia porini nachimba, narudi nachemsha, na maziwa hayatoki. Nesi akakufungua kanga mbele ya wanawake wote. Ya kwanza, ya pili. Akakuning'iniza kwenye mizani uko hivi." Akanionyesha kidole chake kidogo. "Akaniuliza, mama, mtoto wako yuko wapi hapa? Wenzangu wakacheka. Toka siku ile sitaki kuona mfupa wa mtoto."

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na ujinga, na majivuno, nimepanga maneno ya kitabuni yote, na hakuna hata moja lililofaa. Mifupa yangu ndiyo iliyokuwa inalishwa kwa mdomo wa mdogo wangu. Nilitaka kusema mama, mimi nilipona, mwache na huyu apone. Nikatoka nje badala yake, nikazunguka nyumba, nikarudi, nikazunguka tena.

Mdogo wangu alikuwa uani, anachezea kile kidumu.

"Dada, kesho wanakwenda tena?"

"Wanakwenda."

"Wataniacha?"

Nikarudi ndani palepale. "Mama, kesho nashuka naye bondeni."

"Akichoka?"

"Tutakaa."

"Akilia?"

"Atalia, akinyamaza tutaendelea."

"Na watu? Watasema tumeshindwa kumlipa hata mtu wa maji."

Mama akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akalifungua, akalifunga tena. Kumbe na yeye anayo hiyo ya kushindwa kutulia. Halafu akauliza, "Chai yake ya asubuhi niitie sukari kiasi gani?"

"Kijiko kimoja."

"Kimoja!" Alishika kichwa. Lakini hakusema hapana, na jioni ile aliingia mteja mwingine akamsifia mtoto, nikaona mkono wa mama umefika kwenye kopo, umekaa juu ya kifuniko, umerudi.

Kwa hiyo niliamua hivi. Kesho yake niamke kabla duka halijafunguliwa, nimpe mtoto muhogo wa kuchemsha na chai yake ya kijiko kimoja, na duka likishafunguliwa tubebe kidumu kile kidogo. Nilikuwa nimefikiria tupite njia ya nyuma, katikati ya mikorosho, tusionekane. Nikabadili. Tungepita mbele, sokoni, pale kwenye mashine ya kusaga, tunasalimia kila mtu, na atakayeuliza kama duka limekufa nimwambie liko wazi, aende akanunue. Kushuka tushuke kwa mwendo wake. Kupanda nisimbebe, nisimvute, nisimwambie harakisha. Atakapokaa nami nikae, mimi nisiyeweza kukaa, na wa kusema twende awe yeye.