Karatasi ya Kijiji Niliyowadai Wenzangu

Nimekosa mimi, wala shetani hakunisukuma! Niacheni niseme, maana hapa Likasi hakuna ninayeweza kumwambia.

Miaka mingi nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha shaba. Mzambia, Mwangola, Mkasai wa mkoa jirani, wote niliwaita kamarade. Kila Mei Mosi nilipanda jukwaani nikipaza sauti: mfanyakazi hana mpaka! Na niliamini kila neno.

Kisha kazi zikapungua. Vijana wakadai kazi ni za wana wa Katanga, mkoa wetu huu. Niliogopa kupoteza kura zao, nikageuka. Jamani, niligeuka haraka mno! Mimi ndiye niliyetoa wazo kwamba kila mtu alete karatasi ya chifu wa kijiji cha babu yake. Asiye nayo aondoke. Siku hiyohiyo wakanifanya mwenyekiti wa kamati ya kuzikagua karatasi hizo.

Kumbe babu yangu mwenyewe alitoka Zambia, akaja kwa miguu kutafuta kazi! Nikampelekea mbuzi chifu mmoja kando ya ziwa Tshangalele, akaandika kwamba mimi ni wa kwake. Mwanangu naye akaajiriwa kwa karatasi hiyo.

Wa kwanza kukosa karatasi alikuwa Mutombo, Mkasai aliyezaliwa hapa. Tumekua pamoja, nyumba zetu zikipakana katika kambi ya wafanyakazi. Alisimama mbele ya meza yangu, helmeti mkononi.

"Kamarade, minye siko na kijiji ingine. Kijiji yangu ni Likasi." Kisha akainama, akanong'ona: "Nkambo yako, ule babu, tulimuzika pamoja. Minye najua alitoka wapi. Lakini sitasema. Weye uko na batoto."

Nikalifuta jina lake. Ole wangu!

Sasa nitoke vipi? Nikijiuzulu, wataniuliza sababu. Nikisema ukweli, mwanangu anafukuzwa. Kila Jumatatu naketi pale, nafuta majina. Na juzi vijana wameamua karatasi zote zihakikiwe upya, huko huko vijijini. Mwenyekiti alitakiwa kutia sahihi. Nimetia!

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ndugu yangu, siku utakaposikia ulimi wako unamwuliza mwenzako babu yake alitoka wapi, uung'ate!

Mutombo anauza makaa njiani ninapopita kwenda kazini. Kila asubuhi ananisalimu: "Jambo, kamarade."