Kitabu cha Bibi cha Marehemu Wetu

Wiki iliyopita ofisini kwetu, Rubwera, tulichapisha vyeti vya wastaafu. Kompyuta ikamwaga herufi zenye maua na mizunguko, lundo zima kwa dakika chache. Wenzangu wakazisifu. Mimi, rafiki yangu, nilitoka nje kulia, maana nilimkumbuka bibi aliyenilea kule Rugu.

Usichanani mwake, sista mmoja wa misheni alimfundisha kunakili zaburi kama watawa wa Ulaya ya kale: kwa mkono, herufi ya kwanza kubwa, imerembwa kwa rangi na dhahabu. Ikawa ndiyo starehe yake. Kalamu aliichonga kutokana na unyoya wa bata, wino akautoa kwenye masizi ya chungu. Dhahabu yetu ilikuwa ile karatasi inayong'aa ndani ya pakiti za sigara. Ndani ya herufi alichora migomba na ng'ombe wa pembe ndefu. Nikishamenya ndizi, nilisugua mikono kwa majivu mpaka utomvu utoke, ndipo niruhusiwe kusogea. "Herufi ni mgeni," alisema, "haharakishwi mlangoni."

Alikuwa akitengeneza kitabu cha marehemu wa ukoo, kila mmoja na ukurasa wake. Wa mama yangu, binti yake aliyefariki nikiwa mchanga, aliuacha mtupu. "Huu utauandika wewe, mkono ukikomaa."

Mkono ulikomaa, moyo ukaenda kwingine. Likizo moja nilirudi kutoka shule ya bweni, akanitolea kalamu. Nikamwambia, "Bibi, siku hizi kuna kompyuta. Nitauchapa tu."

Alifunika wino, akaenda kupalilia maharage. Hakuniomba tena. Macho yake yakaingia ukungu, nami nikawa mtu wa nitakuja Pasaka, nitakuja Krismasi.

Tulipomzika, mama mdogo alinikabidhi kitabu. Nikafungua ukurasa wa mama yangu. Haukuwa mtupu. Mistari ilipandana, jina limeishia ukingoni, na dhahabu imebandikwa mbali na herufi.

"Aliandika kwa kupapasa," mama mdogo akasema. "Nilimwambia akusubiri. Akasema, 'Mwanangu asiendelee kulala bila jina.'"

Nyumba ile sasa imefungwa, na shamba limekodishwa. Baada ya mama hakuna aliyeandikwa. Bibi mwenyewe hana ukurasa. Nimekwisha kununua karatasi nzuri, nikaketi nayo Jumapili nzima. Mkono wangu haujui pa kuanzia, na aliyekuwa anajua ndiye ninayetaka kumwandika.