Namba ya Mzee kwenye Fomu ya Ushindi

Mke wa askari akipewa fomu, huanza na namba ya jeshi ya mumewe. Ndivyo tulivyozoea katika kambi yetu ya Bwera. Zahanati, shule ya watoto, mgao wa unga, kote walitaka namba ya mzee kwanza, jina lako baadaye. Kwa hiyo siku niliyoambiwa nimeshinda bahati nasibu ya ng'ambo, sikusubiri hata kuulizwa.

Barua pepe ya ushindi huo niliikuta Kasese, kwenye duka la kompyuta, nilikokwenda kutazama kama maombi yangu ya kazi yamejibiwa. Hayakujibiwa. Badala yake mtu nisiyemjua alinipongeza, akataka nijaze fomu na nisimwambie yeyote mpaka hundi ifike. Nikaichapisha ile fomu, nikaijaza kwa kalamu, mwandiko mzuri kabisa: simu yangu, cheo cha mume wangu, namba yake, kikosi chake. Pembeni nikaongeza shule ya watoto, ingawa hakuna aliyeiuliza. Kimbelembele changu! Mwenye duka akaiskani na kuituma. Gari la kurudi liliposimama Kikorongo, nilinunua samaki mkubwa kama mtu aliyekwisha kutajirika.

Wiki iliyofuata walinipigia simu, wakadai ada ya kutoa zawadi. Niliposema sina, ile sauti ya upole ikageuka.

"Basi tutamwandikia mkuu wa kambi," akasema yule mwanamume, "kwamba nyumba ya askari huyu inapokea pesa kutoka nje."

Kisha akanisomea namba ya mume wangu, tarakimu moja moja, polepole.

Niliogopa mpaka nikaketi chini kwenye vumbi. Tulikuwa mpakani, na niliamini askari mwenye pesa asizoweza kuzieleza atadhaniwa anakula na waasi. Nilimwona mume wangu amevuliwa mkanda, watoto wakitoka kambini na magodoro kichwani. Tamaa mbele, mauti nyuma, na mauti yenyewe nilikuwa nimeyaandikia anwani. Cherehani yangu nikaitafutia mnunuzi ili niwalipe.

Mume wangu alinikuta naifuta vumbi ile cherehani.

"Mama, iko nini?"

Nikalia, nikamwambia yote. Hakunifokea. Akavaa sare, akanishika mkono, tukaenda kwa mkuu wake kabla barua yao haijafika.

Afande alitusikiliza mpaka mwisho huku akichezea kofia yake.

"Mama, tiketi iko wapi?"

"Tiketi gani, afande?"

"Ya hiyo lotari. Ulinunua wapi?"

"Sikununua, afande."

"Sasa unashinda namna gani kitu hujacheza? Na mtu anakupa pesa, tena anaomba wewe pesa?"

Swali dogo namna hiyo, na mimi niliyefika sekondari sikujiuliza.

"Hiyo ni wezi," akasema. "Usilipe, usijibu. Tupa laini. Kesho ambia wamama wote, wasiandike namba ya mzee ovyo." Halafu akamgeukia mume wangu. "Na wewe, namba yako sasa iko kwa wezi. Hiyo haina dawa."

Laini niliitupa. Cherehani ikabaki. Kesho yake nilisimama mbele ya wanawake wenzangu, nikajieleza. Baadhi walicheka, wawili watatu hawakucheka hata kidogo. Barua kwa mkuu haikufika kamwe.

Baadaye tulihamishwa, watoto wakabadili shule. Namba ya jeshi haibadiliki. Mpaka leo simu ya mume wangu ikiita kwa namba asiyoijua, haipokei upesi. Hunitazama kwanza mimi.