Paa Lililofutwa Ukingoni

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye mkataba wa kazi, na huko ndiko lilikobaki. Ofisini aliitwa Pembeni, kwa sababu kazi yake ilikuwa kwenye kingo za picha, na kwa sababu kila mkutano alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mke wake, mwenye saluni ya vyumba viwili nyuma ya soko, naye alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Alikuwa mwembamba, mkimya, shati limechomekwa hata siku za joto kali. Mimi nilikaa meza ya pili kutoka yake kwa miaka sita, na nilimjua kama unavyomjua jirani mnayetenganishwa na ukuta mmoja: kikohozi chake, viatu vyake, saa yake ya chai.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana wengi walidhani anacheza. Ndege hupiga picha za ardhi kutoka juu. Picha ikishanyooshwa ili ilale sawasawa na ramani, pembeni yake hubaki ukanda mweusi usio na kitu. Ungekuwa mweusi kabisa, yaani sifuri, ingekuwa kazi ya dakika moja. Lakini picha hubanwa ili faili lisiwe kubwa, na kule kubanwa huacha takataka: nukta zenye namba tatu, tano, tisa, nyeusi machoni pako lakini si sifuri kwa kompyuta. Ukiunganisha picha mbili, takataka hizo hutokea kama mstari wa masizi katikati ya mji. Pembeni ndiye aliyezifuta. Hakuchora wala kubofya chochote. Alifungua dirisha jeusi la kompyuta, akaandika mstari mmoja wa amri: jina la programu, kiwango cha weusi, jina la faili jipya, jina la faili la zamani. Programu ilianzia ukingoni ikaingia ndani, ikila kila cheusi, ikasimama pale ilipokutana na mwanga.

"Haijui kushiba," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Ni wewe unayeishikia sahani."

Sahani ni kile kiwango. Kikiwa kidogo, masizi yanabaki. Kikiwa kikubwa, programu inapita ukingo na kuanza kula vivuli, madimbwi, hata barabara za lami. Mkuu wetu wa kitengo alitaka namba moja kwa picha zote, amalize kazi aende zake. Pembeni alimwitikia vizuri sana, kisha akakagua picha moja moja na kuipa kila moja namba yake. Kwa mtu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mkataba ambao ulikuwa umerudiwa mara kumi na moja, huo ulikuwa ujeuri.

Kisha ikaja kazi ya bwawa. Bonde lote lingefunikwa na maji, na kila mwenye nyumba angepewa kiwanja kipya mlimani. Nyumba ingehesabiwa ikiwa tu inaonekana kwenye picha zetu. Isiyoonekana ingechukuliwa kuwa imejengwa baada ya habari kuenea, ya wajanja. Picha nyingi zilipishana, hivyo kilichopotea kwenye moja kilionekana kwenye jirani yake. Ule mstari wa picha za nje kabisa ndio haukuwa na jirani.

Siku Pembeni alipoufikia mstari huo, diski ya ofisi ilikuwa imejaa pomoni na mkuu alikuwa akipita kila nusu saa kuuliza. Picha zenyewe zilipigwa jua likiwa limeshuka, zina masizi kuliko kawaida. Mimi ndiye niliyemwambia aache kuandika jina la faili jipya. Usipoliandika, programu haileti nakala. Inafuta juu ya faili lile lile la zamani, na nafasi inaokolewa. Alinitazama kidogo. Nikamwambia asijitie ugumu, ni kingo tu. Akaweka kiwango cha thelathini, akaondoa lile jina, akabonyeza. Nilirudi kwenye kazi zangu.

Miezi minane baadaye alikuja mama mmoja, fundi cherehani, mjane, umri wa kutosha kumwita kila mtu mle ndani mwanangu. Alikuwa ametoka kwenye kamati ya bwawa. Walimwambia hana nyumba. Walimwonyesha ramani, na pale anapolala palikuwa na kibati kimoja king'avu cha mita mbili kwa mbili, wakasema hilo ni banda la kuku. Orodha ingefungwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Hilo ni jiko langu," alisema. "Nyumba yenyewe iko wapi, mwanangu?"

Pembeni hakubishana naye. Alimuuliza paa lake la rangi gani. Mama akaeleza kwamba bati lilikuwa likivuja, na marehemu mume wake, kabla hajafariki, alilipaka lami lote kwa brashi, mwezi mzima, maana alikuwa mgonjwa na alifanya kidogo kidogo. Jiko lilijengwa baadaye, kwa bati jipya. Nilimwona Pembeni akikaa chini polepole. Alifungua picha ile, akaikuza. Ramani ilipochapishwa, kilichofutwa kilitoka kama karatasi tupu, na ukingo wa ramani huwa hauangaliwi na mtu. Lakini pale pembeni palikuwa na pengo lililoingia ndani, na pengo hilo lilikuwa limenyooka pande zote kama lililokatwa kwa rula. Jua la jioni lililaza kivuli cha nyumba mpaka kwenye ule ukanda mweusi. Programu ilipita kivulini, ikapanda paani, ikala lami yote, ikasimama ilipofika kwenye jiko.

Picha ya asili haikuwepo tena. Kampuni ya ndege nayo ilishafuta ya kwake baada ya kutukabidhi, kama mkataba ulivyotaka.

Jumanne tulikwenda bondeni. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, cherehani dirishani, nguo za shule za watoto wa watu zimetundikwa kwenye kamba. Mama akaleta futi yake ya kushonea, Pembeni akamshukuru na kutumia ile ndefu ya wajenzi. Mimi nilishika ncha moja. Paa lilikuwa na upana wa mita saba na sentimita ishirini. Kila nukta ya picha ni sentimita ishirini, na pengo lilikuwa na nukta thelathini na sita, hakuna moja zaidi. Tulipima na jiko: nukta kumi, mita mbili. Pembeni aliandika namba zile kwenye daftari kisha akaenda akasimama nyuma ya nyumba peke yake. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha.

Mkuu alifurahi aliposikia kwamba programu ndiyo iliyokula paa. Alisema tuandike hitilafu ya mtambo, ofisi isichafuke. Pembeni akapiga simu kwa katibu wa kamati, akauliza hitilafu ya mtambo inashughulikiwa vipi. Inapelekwa kwa wataalamu, akaambiwa, majibu baada ya miezi mitatu. Na kosa la mtu? Kosa la mtu linasahihishwa hapo hapo, mradi aliyelifanya afike mwenyewe, aeleze, atie sahihi.

"Basi ni kosa la mtu," akasema, akakata simu. Mkuu alimkumbusha kwamba mikataba inapitiwa mwisho wa mwezi ule. Akajibu kwamba anajua tarehe. Mke wake alikuja ofisini mchana na chakula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakala pamoja kwenye ngazi. Wakati wa kuondoka alimnyooshea kola.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki lakini mchovu. Aliuliza kwa nini ahesabu shimo kuwa nyumba. Pembeni akaweka mezani picha, akaweka vipimo, akaeleza kwamba programu inakula kinachoruhusiwa kuliwa, na kwamba dimbwi halina pembe za mraba. Akasema yeye ndiye aliyeweka kiwango kikubwa mno, na yeye ndiye aliyefuta juu ya picha ya asili bila kubakiza nakala. Mama akaomba naye aione picha. Akaweka kidole kwenye ule weupe, akakisogeza kidogo kidogo. Hapa sebule, alisema. Hapa ndipo nilipomuuguza mume wangu.

Mwenyekiti akachukua kalamu.

"Kazi hiyo ulikuwa na nani?" aliuliza. "Kuna mwingine aliyehusika?"

"Nilikuwa peke yangu," Pembeni akasema.

Nilikuwa safu ya tatu, nimeitwa kama shahidi wa vipimo. Kati ya swali na kalamu kugusa karatasi palikuwa na muda wa kutosha mtu kusimama. Nilitazama magoti yangu. Jina la mama likaingia kwenye orodha, namba mia mbili na kumi na nne, na Pembeni akatia sahihi chini ya maelezo yake. Mwisho wa mwezi hakuitwa kusaini mkataba mwingine.

Tulipotoka nje, mama alimkumbatia Pembeni, kisha akanigeukia mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kuja mpaka bondeni kushika futi.

"Si kitu, mama," nikamjibu.